Nilikwenda Mwakiro Kulirudisha Jina la Hayward

Jumapili, saa kumi alasiri. Yoba, Gitega. Mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa imekatika sasa hivi.

Uani, mabati bado yanadondosha maji kwenye ndoo za Mama Zulfa, mwenye nyumba wangu, naye anaimba huku anazipanga upya. Nimerudi kutoka Mwakiro mchana huu. Kucha zangu zina udongo ambao sabuni imeshindwa kuutoa, kidole kimoja kinaniwasha kwa utomvu wa minyaa, mimea ya kupandia ua, miguu inauma, na nina furaha. Naliandika neno hilo mapema kabla sijaanza kulipunguza, maana najijua.

Nina furaha.

Shajara, wewe ndiye shahidi kwamba jana asubuhi sikuondoka hapa hivi. Niliondoka na fomu ya kubadilisha jina, nimeikunja mara nne ndani ya mkoba, kama mtoto anayeficha vipande vya chungu alichokivunja. Fomu ilitaka saini ya mzazi, hata kwa mtu mzima kama mimi. Nilikuwa nakwenda kumwomba baba yangu asaini kwamba jina alilonipa silitaki.

Kwa anayeifungua shajara hii kwa mara ya kwanza: naitwa Goreth Hayward. Mzungu mimi si mzungu, wala sijaolewa na mzungu, wala sina babu aliyewahi kufua nguo za mzungu. Baba na mama ni wakulima wa maharage Mwakiro, mkoani Muyinga. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Gitega. Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, nikakulia huko mpaka amani iliporudi nasi tukarudi nayo, ndiyo maana Kiswahili changu huwachekesha watu wa sokoni. Wananiambia naongea kama redio.

Kiswahili nakubali wakicheke. Jina ndilo lililokuwa linaniuma.

Kwetu Burundi hakuna jina la ukoo. Kila mtoto hupewa lake, na jina ni sentensi nzima: wazazi wanamwambia Mungu jambo, au wanawajibu majirani, au wanaeleza yaliyowapata mwaka ule. Kaka yangu ni Nzeyimana, namwamini Mungu, kwa sababu alizaliwa Baba akiwa mgonjwa wa kufa, akapona. Dada yangu ni Nshimirimana, namshukuru Mungu, kwa sababu Mama alikuwa amepoteza mimba mbili kabla yake. Ukimwuliza mtu jina lake unamwuliza nyumbani kwao walikuwa wanapitia nini siku aliyozaliwa. Mimi nikiulizwa nilikuwa sina la kusema. Nilikuwa kama mtu aliyekuja kwenye sherehe na sahani tupu.

Naungama jambo moja. Kila mwaka wa shule unapoanza, mimi huwasimamisha wanafunzi mmoja mmoja, kila mtu ataje jina lake na maana yake kwa Kiingereza. Ni zoezi zuri. Ntirampeba anasema Mungu hajaniacha. Minani anasema yeye ni mtoto wa nane, na darasa zima linawaonea huruma wazazi wake. Mwaka jana msichana wa dawati la mbele, mpole, mwenye sauti ndogo, akanyoosha mkono na kuniuliza kwa adabu zote: na jina la Madamu lina maana gani?

Nikawaambia wafungue madaftari.

Nikageukia ubao nikaandika tarehe polepole sana, na sikuwahi kumjibu.

Hadithi niliyokuwa nayo ilikuwa ya Baba. Kwamba nilipozaliwa kambini, mzungu mmoja mkubwa alinitazama, akanipenda mno, akaniachia jina lake. Baba huisimulia kwa fahari. Mimi tangu nikiwa msichana nilikuwa naichukia. Niliisikia kama hadithi ya ombaomba. Kwani nilikuwa na uzuri gani, na mzungu ana watoto wangapi wa kuwapenda? Halafu karatasi ziliponitaka nieleze, kila ofisa alikuwa ananiuliza lile lile. Mwezi uliopita, nilipokwenda kuomba karangamuntu mpya, yaani kitambulisho, yule kijana wa dirishani akaitazama karatasi, akanitazama mimi, kisha akasema, “Hii jina iko ya bwana yako?” Nikasema hapana. “Donc iko ya baba?” Nikasema hapana. Akaguna. Ndipo aliponiambia fomu ipo, nikipenda.

Niliichukua. Jina jipya nilikwisha kulichagua: Iradukunda. Mungu anatupenda. Jina ambalo hakuna mtu angeniuliza swali la pili juu yake.

Mama Zulfa nilimwonyesha ile fomu. Yeye ni mtoto wa mji, ukoo wao ni mafundi cherehani tangu zamani, na kila kitu kwake hurudi kwenye kitambaa. Akaniambia, “Bon, we badilisha kama unataka. Lakini baba yako utamwambia nini? Jina haiko kitenge, ati utarudisha dukani juu ya rangi.”

Mama Zulfa akisema kweli mimi huwa nakumbuka nina nguo za kuanua.

Ijumaa nilikwenda kurudisha vitabu kwenye maktaba ya parokia, na pale kwenye rafu ya chini, chini ya kamusi za Kifaransa, nikaona kitabu kinene cha majina ya ukoo ya Waingereza. Nacheka nikiandika haya. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Kamusi ndiyo jembe langu. Lakini miaka yote hiyo sikuwahi kulitafuta jina langu mwenyewe, kwa sababu niliogopa kukuta ni jina la bwana mkubwa fulani mwenye ngome, au maana yake ni mpumbavu wa bondeni. Nilipiga magoti palepale sakafuni nikafungua herufi H.

Zamani, kitabu kinasema, wanakijiji wa Uingereza walikuwa wanalima mashamba yaliyokaribiana, na mifugo yao ilikuwa inapita katikati. Kwa hiyo walikuwa wanamchagua mtu mmoja kati yao awe mlinzi wa ua. Kazi yake ilikuwa kuziba mianya ya uzio, kuzuia ng'ombe wasiingie kwenye nafaka, na kuwakamata wanaozurura. Alitembea na pembe. Akiona ng'ombe kwenye shamba la mtu, anapuliza. Hakuwa mlinzi wa tajiri mmoja. Alilinda mazao ya wote, na wote walimlalamikia. Mtu huyo ndiye aliyeitwa hayward, yaani mlinzi wa ua, na baadaye cheo kikageuka jina la watoto wake na wajukuu wake.

Basi. Hakuna ngome wala bwana mkubwa. Ni mtu wa kufukuza ng'ombe.

Nilicheka peke yangu hadi mzee wa maktaba akakohoa. Lakini sikubadili nia. Nilikifunga kitabu nikijiambia ni vizuri kulijua jina unaloliacha, kama unavyosafisha nyumba ya kupanga kabla ya kuhama.

Jana saa tano nilikuwa Muyinga mjini, na kabla ya saa sita pikipiki ilinishusha Mwakiro, mbele ya nyumba ya Baba. Nilikuwa nimepanga nimkute ameketi, nimwamkie, nile, halafu nilitoe neno taratibu. Nilimkuta shambani na jirani yetu Mzee Bukuru, katikati yao kuna kamba ndefu ya katani na lundo la vijiti vya minyaa vilivyokatwa na kuachwa kivulini siku kadhaa mpaka utomvu umekauka.

Mzee Bukuru nimweleze. Sisi tulipokimbia, shamba letu lilibaki tupu, na yeye akaambiwa alime. Akalima. Watoto wake watatu walizaliwa akiwa analima pale. Tuliporudi tulimkuta, na ilikuwa kazi, jamani. Lakini hakuna aliyeshika panga. Walikaa, wakazungumza misimu miwili, wakagawana nusu kwa nusu, wakaweka mawe kuwa mpaka. Shida ni kwamba mawe ya mpaka yana miguu. Kila msimu jiwe fulani linakutwa limesogea, na kila msimu mbuzi wa Mzee Bukuru wanakutwa kwenye maharage ya Baba, na wazee wawili wanaoamkiana vizuri kila asubuhi wanakwenda kila mmoja kwake kupima kwa miguu. Kumbe mwaka huu walikubaliana: mvua ya kwanza ikinyesha, wapande ua wa minyaa, mambo yaishe. Na huko mvua ilikuwa imetangulia, wiki iliyopita.

Baba alikuwa ameshika ncha ya kamba. Mzee Bukuru akamwambia aiache.

“Hii kamba mi siishike, na we usiishike,” akasema. “Mi nikiishika, watoto yako watasema nimevuta. We ukiishika, yangu watasema vile vile. Goreth ndo ashike. Ye haiko na upande.”

Baba akafikiri, akanipa.

Naandika kwa uaminifu: iliniuma. Nilijua maana yake. Mimi ni binti, na kwetu binti harithi shamba. Tena nilizaliwa nje. Hakuna jiwe pale nililowahi kulikalia utotoni. Kaka yangu Nzeyimana angeambiwa ni mwenye mali. Mimi nilifaa kushika kamba kwa sababu sina hata mfereji mmoja ambao ni wangu. Nikasimama pale na viatu vyangu vya Gitega, na fomu kwenye mkoba, nikawaza: hata ardhi inajua sina jina hapa.

Nilivua viatu.

Mawe mawili ya mwisho, la juu karibu na migomba na la chini karibu na kijito, wote wawili waliyakubali. Nikafunga kamba juu, nikashuka nayo, nikaikaza chini. Ikanyooka. Na ilipopita katikati, kila mtu aliona jambo lile lile: jiwe la katikati lilikuwa limeingia kwa Mzee Bukuru, karibu hatua nzima. Maharage ya Baba yalikuwa yamepandwa mpaka kwenye jiwe.

Mzee Bukuru akalipima pengo kwa unyayo wake.

Baba akasema jiwe liko hapo tangu zamani. Mzee Bukuru alinitazama mimi, na Baba naye akanitazama, na mimi sikujua pa kuweka macho. Ningeweza kuilegeza kamba kidogo. Nani angejua? Ni baba yangu, ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati nilipougua surua. Tena nilikuwa nimekuja na jambo la kumvunja moyo. Nisimpe basi hata hatua moja ya ardhi?

Nikachukua kijiti cha minyaa, nikachimba kwa mkono chini ya kamba, pale pale iliponyooka, nikakisimamisha.

“Hapa,” nikasema.

Baba alikaza midomo. Kisha akainama akaling'oa jiwe mwenyewe, akalitupa kwenye migomba, akaenda kuchukua jembe. Alianza kuchimba kutoka juu, Mzee Bukuru akaanzia chini, mimi nikawa napanga vijiti, na kwa saa tatu hakuna aliyesema neno ila “lete” na “sogea”. Walipokutana katikati walikuwa wamelowa jasho. Mzee Bukuru akapangusa uso kwa bega, akamwambia Baba, “Mi nilisema. Haiko na upande.” Na Baba, ambaye nilidhani amenikasirikia, akacheka kwa pua, akasema kwamba mtoto huyu ni mkaidi kama mama yake.

Mama alikuwa amekwisha kuleta chungu cha pombe ya mtama na mirija minne. Kwetu mkimaliza mpaka mnakunywa chungu kimoja, vichwa vikigusana, ili kesho mtu asiseme hakuwepo. Tukakaa kwenye majani. Na pale, mrija mdomoni, Mzee Bukuru akaniuliza swali lile.

“We Goreth. Mi nakuona tangu mmerudi, sijakuuliza hata siku moja. Hii jina yako iko na maana gani?”

Safari hii hakukuwa na madaftari ya kufunguliwa. Nikawaeleza. Vijiji vya Uingereza, mashamba yaliyokaribiana, ng'ombe, pembe, mtu aliyechaguliwa kulinda ua wa watu wote. Niliposema “mlinzi wa ua” Mama aliacha kunywa. Baba akageuka akautazama ule mstari wa vijiti, kutoka migomba hadi kijito, kisha akanitazama mimi na matope yangu.

Mzee Bukuru yeye alishangazwa na jambo lingine kabisa.

“Donc hata kule kwa Wangereza mbuzi inakulaka maharagi ya jirani?”

“Tangu zamani, Mzee.”

“Eh!” akasema, na niliona limempunguzia mzigo wa miaka.

Tulicheka sana. Na katika kicheko hicho Mama akamgusa Baba kiwiko. “Sasa mwambie mtoto kweli,” akasema. “Yule mzungu hakumpenda. Hata kumwona hakuwa amemwona, mtoto alikuwa mgongoni kwangu, kafunikwa.”

Nikamtazama Baba. Baba akautazama mrija wake.

Basi hii ndiyo kweli, na naiandika kama alivyoisema. Walikuwa kwenye foleni ya kuandikisha watoto. Mkalimani alikuwa amekwenda kula. Mzungu wa mezani alikuwa kijana mdogo tu, si mkubwa wa lolote, na karatasi yake ilitaka jina la ukoo la mtoto. Akauliza kwa ishara. Baba hakuelewa, kwa sababu kitu chenyewe kwetu hakipo. Kijana yule, ili aonyeshe mfano, akagusa beji kifuani pake: Hayward. Mimi, ukoo wangu, Hayward. Akanyoosha kidole kwa mtoto aliye mgongoni: na yeye?

Baba akaona mgeni anagusa jina lake, kisha anamwonyesha mtoto. Kwetu hilo lina maana moja tu. Mgeni anampa mtoto wangu jina. Na jina la mgeni halikataliwi, kama maji ya mgeni yasivyokataliwa. Baba akapiga makofi ya shukrani, akainama, akarudia lile jina kwa sauti mbele ya foleni nzima, na foleni nzima ikapiga makofi. Mkalimani aliporudi na kueleza, kijana aliiva uso kama nyanya, akataka kufuta. Baba akakataa. Jina likishatajwa mbele ya watu limekwisha kuwa la mtu. Kesho yake kijana alikuja mpaka kwenye hema letu na blanketi la kijivu lenye mstari wa buluu, akaliweka mlangoni, akaondoka. Blanketi hilo ndilo nililolalia jana.

“Sasa hadithi ya kupendwa ulitoa wapi?” nikamwuliza.

“Niliona aibu,” akasema. “Ndugu zako niliwapa majina nikiwa nyumbani kwangu. Wewe nilikuwa sina hata bakuli langu. Nikataka ukue ukijua siku uliyozaliwa kulikuwa na mtu aliyefurahi.”

Hapo nililia, sifichi. Na kwa kuwa sikutaka kukaa na uongo mwingine katikati ya watu waliotoka kumaliza mpaka, nilifungua mkoba, nikampa ile fomu.

Aliisoma yote, kidole chini ya kila mstari. Mama alinitazama kwa jicho ambalo sitalieleza. Mzee Bukuru akautazama mlima. Kisha Baba akaomba kalamu, akaiweka fomu juu ya goti, akaandika jina lake taratibu, herufi moja moja, na kidole gumba chake kikaacha alama ya udongo pembeni.

“Nilikupa kilichokuwepo,” akasema. “Sasa wewe ni mtu mzima. Vaa kinachokutosha.”

Akanirudishia. Hakuna hasira. Na Mzee Bukuru, ambaye hawezi kuacha kimya kikae, akauliza, “Na ua yetu, basi, italindwa na nani?”

Leo asubuhi, kabla ya misa, nilipita kuutazama. Mbuzi mmoja wa Mzee Bukuru alikuwa amesimama mbele ya vijiti, ananusa, hajaamua. Nilimpigia kelele. Sina pembe, lakini alikimbia.

Fomu iko hapa mezani karibu na chai yangu. Ina kila kitu: jina la zamani, jina jipya, saini, udongo. Ofisi inafunguliwa kesho asubuhi. Nimeitazama tangu nirudi, na kila nikiitazama naona kidole gumba tu. Ajabu ni kwamba ningenyimwa saini, nadhani leo ningekuwa nalia nalitaka Iradukunda kwa nguvu zote. Nimepewa, na sasa siioni haja. Nimeichomeka ndani ya Biblia, si ya kupelekwa popote. Ni barua ya pekee niliyo nayo ya mwandiko wa baba yangu.

Mama Zulfa amechungulia dirishani kuuliza kama nimelirudisha dukani. Nimemwambia limenitosha. Amesema, “Voilà,” akaendelea na ndoo zake.

Kesho ndiyo siku ya kwanza ya mwaka wa shule. Watasimama mmoja mmoja, na wa kwanza kusimama nitakuwa mimi. Kisha wakati wa mapumziko nitapanda darasa la juu, nimtafute yule msichana wa dawati la mbele, nimwombe radhi kwa kumchelewesha mwaka mzima, nimwambie jina langu lina maana gani.